Wifi anapiga simu ya video bila taarifa na mimi ni fundi cherehani, nina wateja ndani. Nifanyeje?

FundiWaNgamiani:

Habari za jioni wapendwa. Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaniambia nina roho mbaya kwa mawifi, maana najua mtakuja.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, Ngamiani hapa Tanga. Sina fremu barabarani. Chumba cha mbele ndicho ofisi: cherehani, overloki, meza ya kukatia, kioo kirefu, na pembeni nimefunga pazia ili mteja ajaribie nguo. Wateja wangu ni wanawake watupu, na wengi wanakuja kwangu kwa sababu hiyo hiyo. Wapo wanaovaa nikabu ambao fundi mwanamume hawezi kuwawekea futi begani. Kwangu wanavua buibui, wanabaki na khanga au shimizi, nawapima kifua, kiuno, nyonga, tunacheka, wananisimulia na ya ndoa zao. Mafundi wanaojua kushona wamejaa Tanga hii. Anayekuja kwangu analipia mshono na pazia pamoja.

Sasa wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, yuko Dubai, pale Deira, anafanya kazi saluni. Nampenda, na wala sijikoshi. Nilipojifungua mtoto wa pili alinitumia mpaka mafuta ya kukandia. Lakini saluni ikikaa bila mteja, yeye mkono unaenda kwenye simu. Kule wametutangulia saa moja. Kwake ikiwa kumi na moja jioni, kwangu ni saa kumi, na saa kumi ndipo wateja wangu wanapomiminika, wakishaswali alasiri na jua likianza kupoa.

Hapigi simu ya sauti. Hatumi hata ujumbe wa "upo?". Inalia Botim, ile programu ya kupigiana simu mtandaoni, video moja kwa moja. Nisipopokea anarudia, anarudia tena, kisha anampigia mume wangu bandarini: mkeo ana nini, mbona hapokei? Mume naye ananipigia mimi: pokea simu ya dada.

Nikipokea, hayuko peke yake. Anaigeuza simu: msalimie mwenzangu huyu Mfilipino, msalimie huyu wa Kampala. Mimi pini ziko mdomoni, nywele ziko wazi, na watu nisiowajua wananipungia mkono ndani ya nyumba yangu. Halafu zinaanza amri. Hebu geuza kamera nione chumba. Huu ukuta mbona haujapakwa rangi? Na yule nani amekaa pale?

Haya yote nilikuwa nayameza. Kilichonileta hapa ni cha Jumanne. Simu ilikuwa mezani inachaji. Mwanangu wa mwisho, ana miaka mitano, akaona picha ya shangazi yake inawaka, akabonyeza penye kijani, akaja nayo mbio mpaka nyuma ya pazia: "Mama, shangazi!" Nyuma ya pazia nina mteja wa Mabawa, mwanamke wa staha zake, juu hana kitu ila kipande cha gauni ninachombania pini mgongoni. Na kule saluni nikasikia sauti ya mwanamume anacheka.

Wifi anasema yule alikuwa mleta chakula, anacheka ya kwake, hakuona kitu. Inawezekana. Mteja wangu hakusema neno. Alivaa buibui lake, akakikunja kitambaa na pini zangu zikiwa ndani, akatoka. Nikimpigia hapokei.

Mtasema si umwambie tu wifi aache. Wifi anajenga Pongwe, na pesa zinapitia kwetu. Ada ya mwanangu mkubwa analipa yeye. Ile simu ndiyo macho yake: anataka aone msingi, aone saruji, aone wifi mtu kaamkaje. Nikimwambia usinipigie video, atasikia nimemwambia usiiangalie pesa yako. Mume anasema "anakupenda tu, asingekupenda asingepiga." Mama mkwe akamalizia kwamba nyumba isiyotaka kuonwa ina jambo.

Mimi sikatai kuonwa. Nataka nijue kabla, na nijue ni nani mwingine anatazama. Hilo unamwambiaje mtu anayekulipia ada bila kuonekana unaficha kitu?

---

SimuKlinikiMakorora:

Fundi mwenzangu, pole. Mimi natengeneza simu, ya mawifi siyawezi, nitakujibu ya simu.

Kwanza kabla hawajaja wa "ingia mipangilio ya WhatsApp". Hawa watakuwa hawakukusoma. Imarati simu za WhatsApp hazipiti, ujumbe ndio unapita, ndiyo maana wifi yako yuko Botim. Na hata angekuwa WhatsApp, kile kipengele cha kunyamazisha wapigaji ni cha namba usizozijua. Wifi umemhifadhi, tena na picha.

Dawa yako iko kwenye simu yenyewe. Kama ni Android toleo la 12 au juu yake, ukivuta chini ile sehemu ya vitufe vya Wi-Fi na tochi, kuna kitufe cha kamera, kwa Kiswahili kimeandikwa ufikiaji wa kamera au maneno yanayokaribia hayo. Usipokiona bonyeza alama ya penseli, utakikuta kwenye vitufe vya akiba, kiburute ukipandishe. Ukikizima, programu zote zinanyimwa kamera kwa mpigo, Botim, WhatsApp, zote. Mtoto akipokea, shangazi anaona giza. Mteja akiingia unazima, akitoka unawasha.

Lakini angalia, sauti itapita. Umesema wateja wanakusimulia ya ndoa zao. Kipaza sauti kina kitufe chake pembeni ya kile cha kamera, ukisahau hicho Dubai nzima itajua nani kaachwa Mabawa.

Na kufunga simu kwa namba ya siri hakukusaidii. Simu inayoingia inapokelewa hata ikiwa imefungwa, mtoto hahitaji kujua namba. Droo ina kufuli? Tumia droo.

---

Mtu_wa_Ukweli:

Dada, unakula pesa ya mtu halafu unataka pazia. Yeye akisema leo hatumi, utampigia wewe hiyo video usiku wa manane. Nyumba inayojengwa ni yake, ada ni yake, acha aone.

---

FundiWaNgamiani:

@Mtu_wa_Ukweli nyumba ya Pongwe aione mpaka choo, na huwa namwonyesha mpaka choo. Mgongo wa mteja wangu si mali yake na hakuutumia pesa. Soma tena.

@SimuKliniki ahsante sana, kitufe nimekiona, kilikuwa kimejificha kule kwenye penseli. Nimejaribu na jirani, kweli anaona giza. Ya sauti sikuwa nimeifikiria kabisa, mwili umenisisimka.

---

NilikuwaSohar:

Mimi nitakusemea wifi yako kidogo, usinikasirikie. Nimekaa Sohar, Oman, kazi za ndani, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga bila taarifa.

Kwanza muda. Ninyi mlioko nyumbani mnadhani mtu wa Uarabuni amekaa na simu mkononi. Yangu ilikuwa inakaa kwa mama mwenye nyumba. Naipata usiku, vyombo vikishaisha, watoto wake wakishalala, na ikiwa hakuna wageni. Siwezi kukuandikia "kesho saa kumi nitakupigia", kesho yenyewe siijui. Nikiipata napiga hapo hapo. Wifi yako wa saluni ana nafuu, simu iko mfukoni mwake, lakini na yeye akiingia mteja tu amekwisha. Anapiga kwenye upenyo.

Pili, hili la kukukagua, ngoja nikuambie lilivyoanza kwangu. Nilikuwa namtumia kaka yangu pesa ya tofali. Nikimpigia kwa ahadi, tunapanga siku, ananipeleka kiwanjani, ananizungushia boma limesimama, tofali zimepangwa vizuri, nalia kwa furaha. Siku moja nikapiga tu. Akasema yuko kwenye gari, nikasema teremka unionyeshe, akakata. Kuja kufuatilia, lile boma ni la jirani. Tofali za jirani. Changu kilikuwa kiwanja kitupu kina mhogo. Tangu hapo, dada yangu, simu ya ahadi kwangu ni sinema. Simu ya ghafla ndiyo niliyoiamini. Sijui kama wifi yako yamemkuta, lakini huko walikojaa watu wanaojenga kwao kwa simu, hadithi hizi ndizo zinazozungumzwa chumbani usiku. Hata kama wewe hujamfanya kitu, amezisikia.

Tatu, hao Wafilipino. Unaona anakuanika. Mimi nilikuwa nafanya hivyo hivyo kwa Mhindi wa nyumba ya pili, namwonyesha mama, namwonyesha mbuzi, namwonyesha jiko la mama lenye moshi. Kule watu wanakuita kwa kazi yako. Ukimwonyesha mwenzako mtu anayekuita shangazi, umemwonyesha kwamba na wewe una kwenu. Nimeshasema usinikasirikie.

Ila la mteja amekosea, tena sana. Na analijua kosa hilo kuliko unavyodhani, kwa sababu huko aliko kumpiga mtu picha bila ridhaa yake ni kosa la jinai, unaweza kupelekwa polisi. Mama wa Sohar alikuwa akiniona nimeinua simu sebuleni tu ananiuliza unamwonyesha nani nyumba yangu. Sisi wafanyakazi tulikuwa tunageukia ukutani, nyuma yetu kuna tangi la maji au mashine ya kufulia, kamera isiokote hata zulia la tajiri. Muulize wifi kama anaweza kupokea video katikati ya saluni huku wanawake wa Kiarabu wako vichwa wazi. Hawezi. Wateja wake analinda, basi wako nao atawaelewa ukimwambia kwa lugha ya saluni.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningemtangulia. Jumamosi asubuhi kabla hajapiga, mtumie picha za Pongwe: ukuta, risiti ya saruji, fundi amesimama pale na gazeti la siku hiyo ukipenda, usicheke. Akizoea habari kumfikia kabla hajaziuliza, hamu ya kuvizia inapungua. Halafu zungumza naye wewe mwenyewe, kwa sauti, saa yake ya mapumziko. Usimpitishe mumeo. Ukimpitisha mumeo inakuwa kesi ya kaka na dada na wewe unakuwa mke aliyelalamika.

---

MzeeWaMkomani:

Nawasalimu. Niko Lamu, Kenya, nimeingia hapa kwa sababu ya lile neno la mama mkwe, kwamba nyumba isiyotaka kuonwa ina jambo. Kwa heshima zake, nyumba za mawe za huku zote zilijengwa zisionwe. Ukitoka njiani unafika daka, una viti vya mawe kushoto na kulia, hapo ndipo mtu anapokaa. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na kutoka tekani kwenda kiwanda, yaani ua wa ndani, njia imepindishwa makusudi, mlango ukiwa wazi mpita njia aone ukuta tu. Kisha ndipo misana, kumbi ndefu za kukaa, na nyuma ya misana ndipo ndani, pa wenyewe. Mgeni wa kulala aliwekwa sabule, hakupitishwa katikati ya wanawake. Hakuna aliyesema watu wa Mkomani wana jambo.

Na hili si la wazee wa Lamu peke yao. Dada huyu na wifi yake, kama ni Waislamu, wakafungue Suratun-Nur, aya ya 27 na ya 28. Tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na tuwatolee salamu wenyewe, na tukiambiwa rudini, turudi, ndiyo usafi kwetu. Rudini hapo si tusi. Swahaba Abu Musa al-Ash'ari alibisha hodi kwa Sayyidna Umar, aliyekuwa khalifa, mara tatu, hakujibiwa, akaondoka. Alipoulizwa baadaye mbona uliondoka, akasema Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba ruhusa ni mara tatu, usipopewa urudi. Wala hakwenda kumtafuta ndugu wa Umar bandarini amuulize Umar ana nini.

Kuna na hadithi ya mtu aliyechungulia katika tundu nyumbani kwa Mtume, naye Mtume alikuwa na kitana mkononi anajichania. Akamkemea, akaeleza kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Miguu ya mtu yule ilikuwa nje. Jicho ndilo lililoingia. Wifi naye miguu yake iko Deira.

Sasa lililo zito zaidi kwako, fundi, ni aya ya 58 ya sura hiyo hiyo. Hiyo inawataja watoto wasiobaleghe wa nyumba yenyewe, kwamba nao wapige hodi nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya isha. Mtoto wa miaka mitano huwezi kumlaumu, lakini anafundishika. Pale kwenye pazia mfundishe asimame, aseme hodi, asubiri. Simu iwe mkononi au isiwe. Ukiweza hilo umemaliza nusu ya shida yako bila kumgusa wifi.

Na mteja wa Mabawa usimpigie simu. Simu ndiyo iliyomvunjia heshima, unamfuata na simu tena? Nenda kwake. Nenda na mtu mzima mwenzako.

---

MwanafunziWaSheria_Mzumbe:

Naongeza kidogo tu. Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake, na tangu 2023 ipo sheria inayofanya kazi ya ulinzi wa taarifa binafsi, ile Na. 11 ya 2022. Kwa wifi aliyepiga simu havikufikishi popote, hakuna atakayempeleka wifi mahakamani kwa kupiga simu, na ukimpeleka ndoa itatangulia kufa kabla ya kesi. Ila ukisikia siku moja kuna mtu ana picha ya mteja wako kwenye simu, hapo acha udugu pembeni. Simu nyingi siku hizi zinarekodi skrini na anayerekodiwa haambiwi. Muulize wifi moja kwa moja kama kule kuna aliyerekodi, na jibu lake ulihifadhi kwa maandishi.

---

Mama_wa_Kange:

Mimi la kwangu ni jingine. Sisi kwetu video zinapigwa msibani. Watu wamekaa kwenye mkeka, mfiwa amefunikwa khanga, mtu wa Uingereza anaunganishwa, simu inapitishwa usoni kwa usoni, mfiwa analia watu wa London wanatazama. Kuna siku nilimshika mkono mwenye simu nikamwambia iweke chini. Nikaonekana mkorofi mpaka leo. Kwa hiyo fundi jiandae kuitwa mkorofi, si wewe wa kwanza.

Na wa ujumbe wa "upo?" nao wasijione wema. Unaandikiwa "upo?", hujajibu, simu inalia.

---

FundiWaNgamiani:

Jamani nimesoma yote, mengine nimeyasoma mara mbili. Mzee wa Mkomani, la Umar na bandarini limenichekesha mpaka mume wangu akaja kuangalia nacheka nini. Nikamsomea. Hakucheka sana, lakini ameacha kusema "anakupenda tu".

Mabawa nimekwenda, na mama yangu mdogo. Mteja alitupokea, akatupa na maji. Nilimweleza ilivyokuwa kuanzia kwa mtoto, sikumtetea wifi wala sikumtukana. Aliuliza swali moja tu, kama uso wake ulionekana. Nikamwambia ukweli, kwamba alikuwa amegeuka, mgongo ndio ulioelekea kamera. Alinyamaza, kisha akaingia ndani akaja na lile gauni. Amenipa nilimalizie, ila kwa sharti, kulijaribu atajaribia kwake, nimfuate mimi na pini zangu. Nimekubali. Atakavyowaambia wenzake sijui, na hao wenzake ndio wateja wangu.

Wifi nilimpigia Ijumaa usiku, sauti. @NilikuwaSohar, nilifanya ulivyosema, nikaanza na saluni. Nikamuuliza, wifi, hao Waarabu wako wakiwa wameoshwa nywele, mimi naweza kukupigia video ukapokea hapo hapo? Akasema ee, nifukuzwe kazi! Nikamwambia basi na mimi chumba changu ni saluni. Kimya kikapita. Akasema hakujua wanavua, alidhani napimia juu ya nguo. Sijui ni kweli hakujua, lakini nimelipokea kama alivyolitoa. Kuhusu yule mwanamume, ameapa ni mleta chakula na kwamba simu ilikuwa imeelekea usoni kwake yeye, si kwa mtu mwingine. Nimemuuliza ya kurekodi pia, amekasirika kidogo, halafu ameniandikia hapana.

Ujumbe niliomtumia baada ya hapo ndio huu, maana najua kuna atakayeuomba:

"Wifi shikamoo. Nashukuru tumeongea. Kuanzia alasiri mpaka magharibi nina watu ndani hawajavaa, saa hizo niandikie tu hodi. Nikikujibu karibu, piga hata video. Nisipojibu jua nina mteja, nitakutafuta mimi mwenyewe kabla ya kulala. Ukiwa na wenzako niambie niko na fulani na fulani, nijifunge mtandio niwasalimie vizuri. Jumamosi asubuhi nakutumia ya Pongwe."

Amejibu kwa sauti, dakika nzima. Nusu ya kwanza ni lawama, kwamba siku hizi amekuwa mgeni kwao mpaka aandike hodi. Hilo limeniuma na sikulijibu. Nusu ya pili anauliza mtoto anaumwa kikohozi bado?

---

NilikuwaSohar:

Usilijibu. Linamuuma kweli, na wewe hukufanya vibaya. Mpigie wewe video siku moja saa ambayo hana sababu ya kukutegemea, jikoni, unapika, umwonyeshe sufuria. Mimi dada yangu aliwahi kunifanyia hivyo, nilikaa nayo mwezi.

---

Mtu_wa_Ukweli:

Sawa, mgongo wa mteja nakubali. Ila hilo la hodi kwa maandishi kwa wifi mkubwa, mimi nisingelikubali.

---

FundiWaNgamiani:

@Mtu_wa_Ukweli wewe si wifi yangu, alhamdulillah.

Mrejesho kwa wanaouliza. Jana alasiri limeingia neno moja, hodi, na kidole gumba cha hasira pembeni. Nilikuwa na mteja, sikujibu. Hakupiga. Wala bandarini hakupiga. Usiku nikamtafuta, tukaongea ya mtoto, ya mvua, ya bei ya lasi kule Dubai. Mwishoni akasema Jumamosi hataki picha za ukuta tena, ukuta ameuona, anataka aone lenta imemwagwa.

Lenta yenyewe bado, fundi wa Pongwe kaenda msibani Muheza na nondo hazijafika. Kesho nimpe hiyo habari kwa sauti au kwa video?